Malaika Katika Sauti Nne: Msikilizaji wa Nyumbani Ana Neno Gani?

Kikundi cha uimbaji kinapochukua wimbo wa watu wengine na kuupanga upya, wasikilizaji hugawanyika. Wapo wanaofurahi kwamba wimbo umepata uhai wa pili. Wapo wanaosikitika kwamba umeharibiwa. Na wapo wanaosikiliza mpaka mwisho, kisha wakauliza: hawa wameutoa wapi, na mwenyewe anajua?

Kundi hili la tatu halisikilizwi inavyostahili. Maoni yake huchukuliwa kuwa wivu, au ushamba wa watu wasiojua kwamba muziki hauna mipaka. Mimi naona kinyume. Ukifuatilia safari ya nyimbo za Afrika Mashariki zilizorudiwa na vikundi vya nje na vya ndani, utakuta kwamba manung'uniko ya msikilizaji wa nyumbani yamekuwa na hoja mara nyingi kuliko sifa za msikilizaji wa mbali. Tatizo ni kwamba hoja hizo zimechanganywa pamoja, na ndiyo maana hupuuzwa kwa pamoja. Zinahitaji kutenganishwa.

Anayesikiliza kutoka Bulembia

Nauanza uchambuzi huu Bulembia, chini ya milima ya Rwenzori, kwa sababu masikio ya huku yana nafasi ya pekee katika suala hili. Bulembia ni sehemu ya manispaa ya Kasese, na ndani yake mna Kilembe, mji wa mgodi wa shaba. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba hiyo, na pamoja na reli wakaja wafanyakazi wa makabila mengi ambao walihitaji lugha ya kuelewana kazini na sokoni. Ukishuka kuelekea kusini-magharibi unafika Bwera na mpaka wa Mpondwe. Ng'ambo yake ni Kongo, nchi ya Wanande, ambao lugha yao na Lukonzo ya upande huu ni ndugu wa karibu sana. Bidhaa huvuka, watu huvuka, na nyimbo huvuka bila kuulizwa hati.

Kwa hiyo mtu wa Kasese anakijua Kiswahili, lakini kwa wengi si lugha ya mama. Ni lugha ya kazi, ya biashara na ya mpaka. Katika historia ya Uganda ni lugha iliyobeba pia kumbukumbu nzito ya kambi za jeshi, tangu jeshi la kikoloni la King's African Rifles hadi utawala wa Idi Amin. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili, lakini hofu ya watu kwa lugha haiondolewi na kifungu cha sheria. Wimbo wa mapenzi wa Kiswahili kama "Malaika", ukisikika katika nchi ambako wengi waliijua lugha hiyo kwa amri za askari, ulifanya kazi ambayo hakuna sera iliyoifanya: ulionyesha kwamba lugha hii inaweza pia kubembeleza.

Msikilizaji wa namna hii yuko kati. Si mwenye wimbo kama mtu wa Mombasa alivyo, wala si mgeni kama mtu wa Seattle. Anaelewa maneno kiasi cha kutosha kujua yanapopotoshwa, na ana nyimbo zake mwenyewe ambazo siku moja zitachukuliwa vilevile. Ndiyo maana napima suala hili kwa sikio lake.

Safari ya "Malaika"

"Malaika" ulienea kutokana na rekodi za Fadhili William wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, hasa ile ya kampuni ya Equator Records ya Nairobi. Nani aliutunga ni jambo lililobishaniwa kwa muda mrefu. Fadhili alishikilia kuwa ni wake mpaka alipofariki mwaka 2001, na Adam Salim naye alidai kuutunga mwaka 1945. Wote wawili waliuzungumzia kama wimbo wenye mtunzi. Hakuna aliyesema umeokotwa njiani.

Katika muongo huohuo wimbo ukaondoka. Miriam Makeba akauimba kwenye majukwaa ya dunia, na mwaka 1965 ukatoka katika albamu aliyoifanya na Harry Belafonte. Pete Seeger akauimba. The Brothers Four, kikundi cha vijana wanne kilichoanzia Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle mwaka 1957, kikaupanga kwa mtindo wake wa sauti nne za kiume na magitaa. The Hep Stars wa Sweden wakaurekodi mwaka 1967. Mwaka 1981 Boney M. wakautia mpigo wa disko, na mwaka 1991 Angélique Kidjo wa Benin akauweka katika albamu yake ya Logozo.

Wasikilizaji wa kwetu waliupokeaje mfululizo huu? Mapokezi yao yana tabaka tatu, na kila moja lina haki yake.

Tabaka la kwanza ni la sauti. Katika rekodi ya Fadhili kuna mtu mmoja mwenye huzuni na gitaa linalomfariji. Ni upweke unaosikika. Kikundi cha watu wanne kikiuchukua, upweke huo lazima uguswe, kwa sababu watu wanne hawawezi kuwa mtu mmoja aliyekosa mali ya kuolea. Wanachoweza ni kuwa rafiki zake wanaomsimulia. Wimbo unageuka kutoka kilio kuwa masimulizi. Kwa msikilizaji aliyelelewa na kwaya za kanisa, na Kasese kwaya zimejaa katika makanisa ya Kianglikana na ya Kikatoliki, mabadiliko hayo si kosa. Anaujua utamu wa sauti ya pili inapoingia chini ya sauti ya kwanza, na besi inapokuja kushikilia. Malalamiko ya aina hii ni ya ladha, na katika ladha kila mtu ana haki ya kuchagua. Mwenye kuipenda rekodi ya Fadhili hamkosei mtu, na mwenye kuwapenda The Brothers Four hamkosei Fadhili.

Tabaka la pili ni la maneno. Hapa ladha inakoma na kazi inaanza. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na vitenzi vyake hubeba maana katika viambishi vidogo vya mwanzo. Mwimbaji asiyeijua lugha huweka uzito mahali mpigo wa gitaa unapomtaka, na viambishi huteleza. Waswahili wameyaona mateleziko hayo katika rekodi ya Makeba tangu zamani, na wamesikitika zaidi kwa sababu rekodi hiyo ndiyo iliyokuwa mwalimu wa wengine: walioufuata wimbo kupitia kwake walirithi pia makosa yake. Makeba ninamheshimu kama anavyomheshimu kila Mwafrika mwenye masikio. Aliufikisha wimbo mahali ambapo Fadhili hakuweza kuufikisha. Lakini heshima haimzuii msikilizaji kusema kwamba neno fulani limetamkwa vibaya. Anayesema hivyo anailinda maana, na maana ya "Malaika" ni nyembamba kiasi kwamba ikiguswa kidogo tu hupotea.

Tabaka la tatu ni la msemaji. "Malaika" ni wimbo wa kijana wa kiume anayempenda msichana na hawezi kumwoa kwa sababu hana mali. Kiini chake ni mahari. Kwa msikilizaji wa Bulembia au wa Bwera, ambako familia bado hukaa kitako kujadili posa, hili ni jambo la kiuchumi lenye uchungu wa kweli. Boney M. walipoliweka kwenye disko, wachezaji wa Ulaya walisikia kibwagizo kitamu cha mapenzi ya kitropiki. Mtu wa nyumbani alisikia umaskini ukichezewa ngoma. Makeba na Kidjo walipouimba walileta jambo jingine: mwanamke akiimba kilio cha mwanamume. Hilo halikuuharibu wimbo. Liliufungua, kwa maana binti naye huumizwa na mahari isiyolipika, na ndani ya wimbo huu uchungu huo ukapata sauti ya kike. Hapa tunaona kwamba msemaji anaweza kubadilishwa na wimbo ukaongezeka, ilimradi uzito wa jambo linalosemwa umebaki.

Kurudia hakujawahi kuwa kosa kwetu

Yapo majibu ya haraka yanayosema kwamba msikilizaji anayelalamika anataka nyimbo zifungiwe kabatini. Historia ya muziki wa Kiswahili inakanusha hilo, kwa kuwa sisi wenyewe tumeishi kwa kurudia.

Siti binti Saad wa Zanzibar alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na nyimbo zake zikasikika pwani nzima. Alipofariki mwaka 1950 hazikufa naye. Mwimbaji Bi Kidude alizibeba katika maisha yake marefu hadi mwaka 2013, akiziimba kwa sauti kavu, yenye nguvu, isiyofanana na ya mwingine yeyote. Hakuna aliyemwita mwizi. Alimtaja Siti waziwazi, na kila aliyemsikiliza alijua nyimbo zinatoka kwa nani.

Mombasa ilikuwa na Juma Bhalo, ambaye alichukua nyimbo za filamu za Kihindi na kuzitilia mashairi ya Kiswahili yenye vina na mizani. Wasikilizaji wake wengi walizijua filamu hizo, kwa hiyo hakuna aliyedanganywa. Raha yao ilikuwa kusikia shairi zito la Kimvita likikaa ndani ya sauti iliyotoka mbali. Bhalo aliacha maneno na kuchukua sauti, akaleta maneno yake mwenyewe yaliyolingana na ufundi wa sauti ile. Alilipa deni kwa kazi.

Upande wa Kongo mfano ni mkubwa zaidi. Mwaka 1958 padri Mbelgiji Guido Haazen na kwaya ya Kamina, Katanga, iitwayo Les Troubadours du Roi Baudouin, walirekodi Missa Luba, misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa mitindo ya nyimbo za huko. Sehemu kubwa ya uzuri wake ilitokana na waimbaji kubuni papo hapo. Mwaka 1990 kwaya ya Kenya, Muungano National Choir, chini ya Boniface Mganga, ikaitoa tena. Aliyetarajia kusikia nakala ya Kamina hakuipata, wala hakupaswa kuipata, kwa sababu kazi iliyozaliwa kwa kubuni haiwezi kuheshimiwa kwa kunakiliwa. Wakenya waliiheshimu kwa kuleta pumzi zao.

Na mwaka 2010, Kongo ilipotimiza miaka 50 ya uhuru, Baloji, mwanamuziki mzaliwa wa Lubumbashi aliyekulia Ubelgiji, aliuchukua "Indépendance Cha Cha" wa Grand Kallé, wimbo wa shangwe ya 1960, akaufanya swali chungu juu ya ahadi ambazo hazikutimia. Jina la toleo lake limebeba maneno ya Kiswahili, Siku ya Baadaye. Kwa msikilizaji aliyeishi karibu na mpaka wa Mpondwe na kuona wakimbizi wakivuka tena na tena, toleo hilo linauma kwa sababu anaukumbuka ule wa kwanza. Aliyerudia hakuficha chanzo. Alimtegemea msikilizaji akijue.

Mifano hii inaniongoza kwenye jambo ambalo naliona ndilo kiini. Msikilizaji wa nyumbani hukubali mabadiliko makubwa sana, ya ala, ya mwendo, ya lugha, hata ya maana, pale anapoona kwamba aliyerudia amemhesabu yeye. Hukataa hata nakala safi pale anapoona kwamba hakuhesabiwa.

"Wimbo wa asili": jina linalofuta watu

Albamu ya Belafonte na Makeba ilipata tuzo ya Grammy mwaka 1966. Ilishinda katika kundi la rekodi za nyimbo za kienyeji. Tafakari hapo: "Malaika", wimbo wa mjini, uliorekodiwa Nairobi na kampuni ya kibiashara, uliogombewa na watunzi walio hai, ukaingia katika orodha ya nyimbo za wananchi zisizo na mwenyewe. Waliosikiliza ng'ambo walipenda hivyo. Wimbo wa Kiafrika usiojulikana umri ulionekana kuwa wa kweli zaidi kuliko wimbo wa kijana wa studio.

Madhara ya jina hilo yanaonekana waziwazi katika mkasa wa mwimbaji wa Afrika Kusini, Solomon Linda. Mwaka 1939, mjini Johannesburg, Linda na kikundi chake, The Evening Birds, walirekodi "Mbube" kwa kampuni ya Gallo. Sahani hiyo ilifika Marekani, mkusanyaji wa nyimbo Alan Lomax akampa Pete Seeger, na kikundi cha Seeger, The Weavers, kikautoa kama "Wimoweh" kikiandika kiitikio kama walivyokisikia, yaani vibaya. Katika hati, utunzi ukapewa Paul Campbell, jina la bandia ambalo The Weavers walilitumia kwa nyimbo walizoziona kuwa za kienyeji. Seeger baadaye alimtumia Linda dola 1,000 na kueleza majuto yake. Mwaka 1961 The Tokens wakaurekodi kwa maneno mapya ya Kiingereza na ukazunguka dunia. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Mwandishi Rian Malan aliianika habari hiyo mwaka 2000, na familia ikafikia makubaliano ya malipo mwaka 2006.

Hakuna ubaya wa nafsi hapo mwanzoni. The Weavers walikuwa watu wa haki, waliosimama na wafanyakazi na walioteswa kwa siasa zao. Hilo ndilo linalotisha. Watu wema walimdhulumu mtunzi kwa sababu tu waliamini kwamba wimbo wa Afrika hauna mtunzi. Na wasikilizaji wao waliwashangilia kwa moyo mweupe, bila mtu wa kuwasahihisha, kwa kuwa aliyejua ukweli alikuwa mbali, Johannesburg.

Wimbo wa jamii nao una wenyewe

Mtu anaweza kusema: basi tofauti ni rahisi, wimbo wenye mtunzi ulipiwe, wimbo wa jadi uwe huru. Milima ya Rwenzori inakataa jibu hilo.

Wakonzo na Waamba wa milima hiyo walipoasi utawala wa ufalme wa Toro na kutangaza Rwenzururu mwaka 1962, madai yao yalikaa ndani ya nyimbo. Peter Cooke na Martin Doornbos walizikusanya na kuziandikia makala katika jarida la Africa mwaka 1982, wakionyesha jinsi nyimbo hizo zilivyokuwa chombo cha siasa cha watu waliokuwa na redio chache na magazeti machache zaidi. Ufalme wa Rwenzururu ulitambuliwa na serikali mwaka 2009, na mwezi Novemba 2016 damu nyingi ikamwagika Kasese palipokuwa na mapambano kati ya vyombo vya dola na walinzi wa ikulu ya ufalme.

Sasa chukua kikundi chochote cha ngoma na uimbaji, cha Kampala au cha Ulaya, kikiamua kuupanga wimbo wa zama zile kwa sauti nne kwa ajili ya ukumbi wa watalii. Hauna mtunzi anayedai haki miliki. Je, ni wa yeyote? Muulize mama wa Bulembia aliyemzika mtoto wake. Wimbo huo una wenyewe wengi, na wingi wao hauwapunguzii haki. Unazidisha idadi ya watu wa kuheshimiwa. Hata lugha yenyewe inadai uangalifu: Lukonzo ni lugha ya toni, na sauti ikipandishwa mahali isipopaswa ili ilingane na mpangilio wa kwaya, neno linaweza kuwa jingine. Jambo ambalo kwenye Kiswahili ni lafudhi tu, kwenye Lukonzo linaweza kuwa maana.

Sheria imeanza kulitazama suala hili. Uganda ina Sheria ya Haki Miliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006, na chama cha wasanii cha kukusanya mirabaha, UPRS, kipo tangu 1985. Mwaka 2010 nchi za shirika la haki miliki la Afrika, ARIPO, zilipitisha Itifaki ya Swakopmund kuhusu maarifa ya jadi na sanaa za jamii, inayotambua kwamba jamii yenyewe inaweza kuwa mmiliki. Ni hatua nzuri. Ila mahakama huja baada ya kosa, na husubiri mwenye uwezo wa kufungua kesi. Msikilizaji huja siku ileile wimbo unapoimbwa, na hahitaji wakili.

Msikilizaji naye huteleza

Ningekuwa simtendei haki msomaji kama ningemfanya msikilizaji wa nyumbani asiyekosea. Kosa lake kubwa ni kudhani kwamba toleo alilolisikia kwanza ndilo la asili. Vijana wengi wa Uganda waliujua "Malaika" kupitia Makeba au Boney M. kabla hawajamsikia Fadhili, na wakimsikia humwona yeye ndiye mwenye kurudia. Vivyo hivyo wimbo wa "Jambo Bwana", uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms wa Mombasa na kutoka mwaka 1982: mwaka mmoja baadaye Boney M. waliutoa kwa namna yao, na wako watalii na hata wenyeji wanaoamini kwamba ulianzia Ulaya. Utamu wa kumbukumbu ya utotoni si ushahidi.

Kosa la pili ni kukataa kila kijana anayejaribu. Mtoto wa Bwera anayeuchukua wimbo wa bibi yake na kuuimba kwa gitaa na kompyuta anaweza kuwa ndiye mtu wa mwisho katika ukoo anayejali kuuimba. Akifukuzwa kwa ukali, wimbo utakaa salama na kufa.

Kwa hiyo nazinasihi pande zote mbili. Kikundi kinachorudia wimbo kijifunze maneno kwa mtu anayeyaota, si kwa rekodi ya mgeni mwingine. Kijue msemaji wa wimbo ni nani na anaumwa na nini, kisha kiamue kwa makusudi kitabakiza nini na kitabadilisha nini. Kitaje chanzo jukwaani kwa sauti, si kwa maandishi madogo. Kilipe panapostahili malipo. Na kabla ya kuupeleka mbali, kiuimbe mbele ya wenyewe, kwa maana wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na kutunzwa huko ni pamoja na kurekebishwa.

Msikilizaji naye atenganishe manung'uniko yake. Aseme, hii siipendi, hilo ni la ladha. Aseme, hapa mmekosea neno, hilo ni la elimu. Aseme, hamkumtaja mwenyewe, hilo ni la haki. Akiyachanganya matatu, wataitikia la kwanza tu, wamwambie kwamba ladha hazigombewi, na mengine yote yatapita.

Fadhili William alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akidai jina lake juu ya wimbo ambao dunia nzima ilikuwa ikiuimba. Waimbaji waliourudia walimpa sifa za mbali. Waliokumbusha bila kuchoka kwamba wimbo ule ulitoka Nairobi, kwamba una maneno yake na una mtu aliyeumia ndani yake, walikuwa wasikilizaji wa kawaida wa Afrika Mashariki. Nyimbo za Rwenzori zitahitaji wasikilizaji wa aina hiyo, na wakati wa kuwaandaa ni sasa, kabla hazijarekodiwa na watu ambao hawatauliza.